Historia ya Chuo Iliyo Sandukuni

Chuo kikuu kinapotimiza miaka 25 au 50, huandikwa kitabu. Aghalabu kitabu hicho huwa kizito, chenye jalada gumu na picha za rangi: kiongozi wa nchi akiweka jiwe la msingi, mkuu wa chuo akikata utepe, jengo la maktaba likionekana kutoka angani. Tarehe zimepangwa barabara na majina ya wafadhili hayakosi. Mwanafunzi naye yumo, ila yumo kama idadi. Walikuwa mamia mwaka fulani, wakawa maelfu mwaka mwingine. Walichokicheka, walichokigomea, na maneno waliyoyatumia kukigomea, kitabu hakiyasemi. Kikiyasema, huyasema kwa sentensi moja ya kupita, kwamba machafuko yalizuka na chuo kikafungwa kwa muda.

Makala haya yanatetea rai kwamba pengo hilo haliwezi kuzibwa na vitabu vya jubilei, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili wana uwezo wa kulizibia kuliko wanavyojidhania. Nyenzo zenyewe ni magazeti ya wanafunzi, majarida ya vyama vyao, vitabu vya mwaka na vile vijitabu vya mahafali ambavyo kila mhitimu huvinunua na hakuna anayevisoma mara ya pili. Na si lazima kazi ianzie katika maktaba ya chuo. Inaweza kuanzia Kinango.

Kinango si mji wa chuo kikuu. Ni mji mdogo ulio nyuma ya milima ya Shimba, katika Kaunti ya Kwale, nchi ya Waduruma, ambako mvua ikikosa misimu miwili mfululizo mazungumzo yote hugeuka kuwa ya maji na mifugo. Mgeni anayeijua Kwale kwa hoteli za Diani huenda asifike huko maishani mwake. Hata hivyo, vijana wa upande huu wamekuwa wakienda vyuoni na kurudi, wengine kama walimu, wengine kama maafisa wa serikali, na kila aliyerudi alirudi na sanduku. Katika sanduku la bati la mwalimu mstaafu hukaa shahada iliyofungwa nailoni, picha ya siku ya mahafali, barua ya kuajiriwa, na pengine karatasi chache za manjano zilizobanwa kwa pini zenye kutu. Mwenyewe akiulizwa, husema ni mambo ya ujana tu. Mchwa wa Kinango hawabagui mambo ya ujana na shahada.

Ipo sababu ya kihistoria inayoifanya Kinango, na miji mingine kama hiyo, iwe sehemu ya historia ya chuo kilicho mbali nayo mamia ya kilomita. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, na hakikufunguliwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kilifungwa tena Februari 1985, baada ya polisi kuwavamia wanafunzi waliokuwa wamekusanyika kwa maombi, na tena Novemba 1987, wakati chama chao, SONU, kilipopigwa marufuku. Katika enzi hiyo mwanafunzi aliyetolewa bwenini alitakiwa kurudi kwao na kwenda kuripoti kwa chifu wa eneo lake. Chuo hakikuwa kimefungwa tu. Kilikuwa kimetawanywa, kipande kwa kipande, hadi kwenye ofisi za machifu nchi nzima. Kwa miezi kadhaa, wanafunzi wa Nairobi waliotoka Kwale walikuwa chini ya mwembe wa chifu, wakisubiri kuonekana kwamba wapo. Hakuna kitabu cha jubilei kitakachoeleza walizungumza nini hapo, wala wazazi wao waliwaambia nini walipowaona wamerudi katikati ya muhula.

Na wengi wao hawakurudi mikono mitupu. Mwanafunzi hufunga virago upesi anapopewa saa chache kuondoka, naye hubeba kilicho karibu: madaftari, nguo, na magazeti yaliyokuwa yamesambazwa juzi. Ndiyo maana karatasi za chuo zimo vijijini. Ndiyo maana pia nyingi hazimo tena. Makosa ya uchochezi yalikuwa bado katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, na hayakuondolewa hadi mwaka 1997. Kupatikana na chapisho lililohesabiwa kuwa la uchochezi kulitosha kumfunga mtu. Maina wa Kinyatti, mhadhiri wa historia katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, alihukumiwa kifungo cha miaka 6 mwaka 1982 kwa ajili ya karatasi iliyodaiwa kukutwa miongoni mwa zake. Tito Adungosi, mwenyekiti wa SONU, alifungwa mwaka huohuo na akafia gerezani mwaka 1988. Mzazi aliyesikia habari hizo kwenye redio hakuhitaji kuelezwa la kufanya na makaratasi ya mwanawe. Jiko lilikuwa karibu. Historia ya chuo kikuu cha Kenya imeteketea zaidi katika majiko ya akina mama waliowapenda watoto wao kuliko katika moto wowote uliowashwa na serikali.

Mtafiti anayeuliza kwa nini maktaba hazina magazeti hayo anapaswa kuijua pia sheria iliyohusika. Sheria ya Vitabu na Magazeti ilimtaka mchapishaji asajiliwe, aweke dhamana na awasilishe nakala kwa msajili. Mwaka 2002 dhamana hiyo ilipandishwa hadi shilingi milioni moja. Gazeti lililochapwa usiku kwa mashine ya kudurufu ya kuazima, likasambazwa chini ya milango kabla ya alfajiri, halikupita kwa msajili yeyote. Kwa hiyo halikuingia kwenye orodha, na lisiloingia kwenye orodha halikuhifadhiwa. Magazeti yaliyosema mambo makubwa kuliko yote ndiyo yaliyokuwa na nafasi ndogo kuliko yote ya kufika kwenye rafu. Anayeandika historia kwa kutegemea rafu peke yake ataandika historia ya watiifu.

Pale ambapo karatasi zilipona na wenyewe wakapona pia, tofauti huonekana. Mfano ulio bora Afrika Mashariki ni wa jarida la Cheche la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lilianza Novemba 1969, likiwa la umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi uliojulikana kama USARF pamoja na tawi la chuo la Umoja wa Vijana wa TANU. Wahariri wake walikuwa wanafunzi, miongoni mwao Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye baadaye alikuwa waziri katika serikali ya Tanzania. Toleo la kwanza lilikuwa na makala ya Walter Rodney. Septemba 1970 likatoa toleo maalumu lenye kazi ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya nchini Tanzania, kazi ambayo ilikuja kusomwa na wasomi wa bara zima ilhali iliandikwa na kijana aliyekuwa ametoka tu kwenye dawati la mwanafunzi. Miezi miwili baadaye, Novemba 1970, jarida likapigwa marufuku na USARF ikavunjwa.

Sababu iliyotolewa inastahili kusomwa polepole na kila mwanafunzi wa Kiswahili. Ilisemwa kwamba jina la jarida liliashiria kuwa Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi. Ni kweli waanzilishi walilichagua jina hilo wakikumbuka Iskra, gazeti la Lenin, na The Spark, gazeti la enzi ya Nkrumah nchini Ghana. Lakini cheche ni neno la Kiswahili tangu watu wa pwani walipoanza kuwasha moto. Neno la mama likashtakiwa ugeni kwa sababu ya marafiki zake. Mwanahistoria wa kawaida akilisoma tukio hilo ataandika kuhusu mvutano wa chama na chuo, na hatakosea. Mwanafunzi wa semantiki ataona jambo la ziada: kwamba maana ya neno haimo katika kamusi tu, bali pia katika anayelitamka, mwaka gani na mbele ya nani. Waliorithi kazi ya Cheche waliliita jarida lao MajiMaji, kwa kumbukumbu ya vita vya 1905 hadi 1907. Hilo hakuna aliyeweza kulishtaki kuwa la Kirusi.

Miaka arobaini baadaye Hirji aliwakusanya wenzake, wakaandika kumbukumbu zao, na kitabu kikachapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Kilichokifanya kitabu hicho kiwezekane ni kwamba nakala za jarida zilikuwapo za kurejelea, na waliohusika walikuwa hai kueleza yaliyokuwa nyuma ya kila ukurasa: nani alipiga chapa stensili, nani aliuza nakala, nani alikataa kuweka jina lake. Nairobi ilikuwa na University Platform, ambalo mmoja wa wahariri wake mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa Chelagat Mutai, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Eldoret Kaskazini mwaka 1974. Katika miaka ya 1980 ilikuwa na Sauti ya Kamukunji. Hakuna sababu ya kitaaluma inayoyazuia magazeti hayo yasipate kitabu cha namna ile. Kinachokosekana ni nakala, na wenye nakala wanazeeka.

Lipo jambo moja ambalo magazeti haya yanalifichua na ambalo linawahusu wasomaji wa jarida hili moja kwa moja. Yatazamwe majina: Cheche, MajiMaji, Sauti ya Kamukunji. Yaongezwe majarida ya fasihi: Darlite la Dar es Salaam, lililoanza 1966, likaja kuitwa Umma, Nexus la Nairobi, lililoanza 1967, likaja kuitwa Busara. Mtu akisoma orodha hiyo atadhani kwamba vyuo vilikuwa vinahamia kwenye Kiswahili. Afunguapo ukurasa wa kwanza hukutana na Kiingereza, na kwa sehemu kubwa hubaki nacho hadi ukurasa wa mwisho. Kiswahili kilipewa jalada. Kilitosha kuita watu, hakikudhaniwa kutosha kuwaeleza walichoitiwa. Mapinduzi yote ya miaka ile, pamoja na lawama zote dhidi ya ukoloni mamboleo, yaliandikwa kwa lugha ambayo mama wa mwandishi, awe Kinango au Kisarawe, asingeweza kuisoma.

Palikuwa na tofauti, na tofauti hizo hazijaandikiwa vya kutosha. Chama cha Kiswahili cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na jarida lake, Zinduko, ambamo wanafunzi na walimu wao waliandika uhakiki na mijadala kwa Kiswahili chenyewe. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vya Kenya navyo vimekuwa na majarida, mengine ya matoleo mawili matatu kisha kimya. Kwa kuwa hayakupinga serikali, hayakupigwa marufuku. Kwa kuwa hayakupigwa marufuku, hayakupata sifa. Kwa kuwa hayakupata sifa, hakuna aliyeyatafuta. Huu ni upotevu wa aina yake. Huenda siku moja ikabainika kwamba mapinduzi yaliyodumu zaidi yalikuwa yale ya mwanafunzi aliyeketi kutafuta namna ya kusema "muundo" na "umbo" bila kuazima. Mabishano ya istilahi yaliyofanyika katika kurasa hizo ni historia ya taaluma nzima ikizaliwa. Yanapotajwa darasani leo hutajwa kama matokeo tu, kana kwamba istilahi zilishuka zimekamilika.

Haifai, hata hivyo, kuyapamba magazeti ya wanafunzi. Si kila mwanafunzi aliyeshika kalamu alikuwa shujaa. Mlimani, Dar es Salaam, kulikuwa na desturi ya karatasi za ukutani zilizobandikwa usiku na watu wasiojulikana, zikijiita Mzee Punch. Walioitetea waliiona kuwa ni kejeli ya wanyonge dhidi ya wakubwa. Waliochorwa humo mara nyingi walikuwa wanafunzi wa kike, wakitajwa kwa majina na kudhalilishwa kwa michoro na matusi. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa, na ndipo chuo na nchi zilipolazimika kuitazama desturi iliyokuwa ikichekewa kwa miaka mingi. Kitabu cha mwaka cha chuo kisingelionyesha jambo hilo. Kingeonyesha wasichana wamesimama mstari wa mbele, wametabasamu. Mtafiti anayeyasoma magazeti ya wanafunzi kwa kutafuta ushujaa tu atalipita tukio hilo kama walivyolipita wenzake wa bwenini. Akiwa amefundishwa kusoma kejeli, kuuliza inamcheka nani na kwa faida ya nani, hatalipita.

Hapa ndipo ilipo hoja ya msingi. Gazeti la wanafunzi si dirisha ambalo mtu huchungulia akaona chuo kilivyokuwa. Ni matini. Lina msimulizi, lina hadhira inayodhaniwa, lina yasiyosemwa. Mhariri mwenye miaka 21 huandika kana kwamba chuo kizima kinamuunga mkono, hata kama mkutano ulihudhuriwa na watu thelathini. Kitabu cha mwaka nacho husema uongo kwa namna yake ya upole: kila mtu amechana nywele, kila klabu ilikuwa na mwaka wa mafanikio. Kijitabu cha mahafali husema kidogo kuliko vyote, na huenda ndiyo maana kinaaminika kuliko vyote, kwani ni majina na shahada tu. Ila hata majina yana lugha. Anayeijua Kinango akiona Ndurya au Mwero au Umazi katika orodha ya kitivo fulani husita kidogo, kwa kuwa anahisi kwao ni wapi. Akisita mara nyingi ataanza kuona mambo: miaka ambayo hakuna jina la namna hiyo, kitivo ambacho halionekani kabisa, mwaka ambao jina la mwanamke linatokea. Naye atajua pia udhaifu wa njia hiyo, maana Mduruma aliyesilimu au kubatizwa anaweza kuwa amejificha nyuma ya Omari au Joseph, na hakuna orodha itakayomfichua. Wazee wa kaya za Gandini na Mtswakara wangemwelewa. Kwao, kabla ya kusikiliza habari, huulizwa kwanza nani anayeisema na ni wa mlango gani.

Faida nyingine ni ya kileksikografia, na hapa wanafunzi wa isimu hawana udhuru. Kamukunji kilikuwa kiwanja cha mikutano Nairobi. Vyuoni likawa neno la kawaida kwa mkutano wa hadhara wa wanafunzi, na kutoka vyuoni likapanda hata Bungeni, ambako Spika huwaita wabunge kwenye kamukunji. Neno mwakenya, kwa mwanafunzi wa Kenya, ni kikaratasi cha kunakili mtihanini. Limetokana na jina la harakati ya chinichini iliyowapeleka watu wengi gerezani kuanzia 1986, na safari yake kutoka karatasi ya siri ya siasa hadi karatasi ya siri ya mtihani ni kejeli ambayo hakuna mshairi aliyeibuni. Bumu, fedha ya kujikimu ya mwanafunzi, linasikika pande zote mbili za mpaka. Desa na kudesa ni mali ya Tanzania. Maneno haya yalianza lini? Nani aliyaandika kwanza, na kwa tahajia gani? Mtunga kamusi hana pa kuyakuta isipokuwa katika karatasi zilezile zilizobanwa kwa pini za kutu, kwenye safu ya utani, kwenye tangazo la mkutano, kwenye barua ya mwanafunzi anayelalamikia maharagwe. Neno moja lililo na tarehe lina thamani kuliko kurasa kumi za kubahatisha asili yake.

Yapo mapingamizi. Kuna walimu watakaosema kwamba kazi hii ni ya Idara ya Historia, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana riwaya za kuhakiki. Riwaya hizo ziheshimiwe. Lakini yeyote aliyepita kwenye rafu za tasnifu za idara za Kiswahili anajua kwamba dhamira katika kazi za waandishi walewale watano sita zimeshahakikiwa hadi zimechakaa, mara nyingine kwa nadharia ileile na kwa mpangilio uleule wa sura tano. Wakati huohuo, matini za Kiswahili ambazo hazijawahi kuhakikiwa na mtu yeyote ziko sandukuni, na kila msimu wa mvua zinapungua. Kuhusu historia, mgawanyo wa idara ni wa wasimamizi wa ratiba. Karatasi haijui ni ya idara gani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kwa wenye masanduku. Mtu aliyefungwa au aliyekosa kazi kwa sababu ya kijigazeti cha mwaka 1985 ana haki ya kutotaka kukiona tena. Mwingine aliandika akiwa kijana mambo ambayo leo yanamwaibisha mbele ya wajukuu. Mtafiti hana ruhusa ya kulifungua sanduku kwa sababu tu ni la babu yake. Aombe. Anakili au apige picha mbele ya mwenyewe, na karatasi zirudi zilipotoka. Tabia ya kuazima nyaraka za watu na kutoweka nazo imewafanya wazee wengi wa pwani wawaogope wanafunzi kuliko mchwa. Aandike tarehe, mahali, na jinsi karatasi ilivyofika hapo, kwa sababu safari ya karatasi kutoka bweni la Nairobi hadi chumba cha Kinango ni sehemu ya habari iliyomo. Na majina ya watu waliodhihakiwa humo yasichapishwe upya kwa kisingizio cha taaluma.

Wapo pia watakaosema kwamba muda umeshapita, na kwamba vyuo vya leo vitajihifadhi vyenyewe kwa kuwa kila kitu kiko kwenye simu. Hili ni kosa kubwa kuliko yote. Tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, mpango wa ufadhili wa Serikali ya Kaunti ya Kwale uitwao Elimu ni Sasa umewapeleka wanafunzi wengi wa kaunti hiyo shuleni na vyuoni. Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kilipata hati yake mwaka huo wa 2013, kama kilivyopata Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho mizizi yake ni chuo cha MIOME cha enzi ya ukoloni. Mwanafunzi wa Kinango hahitaji tena kwenda Nairobi ili asome. Lakini kampeni za chama chake, mabango yake, mashairi yake ya kuwapongeza wahitimu, matusi na maridhiano yake, vyote vimo katika makundi ya WhatsApp. Simu ikiibiwa kivukoni Likoni, kumbukumbu ya kizazi kizima ya chama imekwenda nayo. Karatasi ya kudurufu ya 1970, iliyochapwa kwa wino hafifu, imedumu miaka zaidi ya hamsini. Hakuna ujumbe wa kundi la 2016 ambao mtu ana hakika utaonekana mwaka 2066.

Lililo ndani ya uwezo wa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili ni dogo na halihitaji mfadhili. Vyuo vinapofungwa Desemba na wanafunzi kurudi makwao, kila mwanachama anaweza kupewa swali moja la kwenda nalo: katika kijiji chake, nani alikwenda chuo kikuu kabla ya 1990, na je, ana karatasi yoyote aliyorudi nayo? Atakayekuta gazeti alipige picha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na matangazo na tarehe, asichague makala anayoyapenda. Atakayekuta kijitabu cha mahafali anakili majina ya wilaya yake. Asiyekuta kitu aandike hivyo pia, pamoja na sababu aliyopewa, iwe ni mchwa, moto au woga. Picha zihifadhiwe mahali pawili, orodha ichapishwe katika toleo linalofuata, na wahadhiri wakubali kwamba orodha hiyo ni kazi ya kitaaluma inayostahili alama.

Na atakayefika Kinango asiishie kwa mwalimu mstaafu. Apite na kwa mzee aliyekuwa chifu, aulize kama daftari la kuripoti la miaka ile bado lipo.